Amri ya Kunyolewa

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hana nguvu nyingi, na ni vizuri mlijue hilo kabla hamjakalia kiti. Nawaandikia nyinyi mnaotoka vyuoni sasa na shahada zenu za sheria, mnaopangiwa vituo ambavyo hamjawahi hata kuvisikia, na mnafika huko mkidhani kazi ni kutoa amri. Mimi kazi hiyo nimeifanya Nachingwea, kisha Ruangwa, mpaka nikastaafu. Sehemu kubwa ya kazi yenyewe ilikuwa kuwauliza watu wenye amri wamezitoa wapi. Wengi hawakupenda kuulizwa. Hata mimi sikupenda, siku nilipoulizwa.

Nilizaliwa Ruponda, Mmwera pande zote mbili. Baba alikuwa akiswali, mama akienda kanisani, na mimi nikamfuata mama. Kwetu hilo si ajabu. Nyumba moja inafunga Ramadhani na inafunga Kwaresima, na sikukuu ikifika pilau ni ya wote. Lakini ukishakuwa hakimu, watu wanataka kujua uko upande gani. Nimeulizwa swali hilo sokoni, msibani, hata hospitalini nikiwa na malaria. Nilikuwa najibu kwamba mahakamani ni wa serikali, na nyumbani ni wa mama yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nandonde, hakimu aliyenitangulia pale Nachingwea, Mmakonde mrefu mwenye chale za zamani usoni. Wakati huo mwenendo wa shauri tulikuwa tunauandika kwa mkono, neno kwa neno. Shahidi akisema haraka unamwambia, "Ngoja, kalamu haina miguu." Mkono ulikuwa unavimba. Leo nasikia mnachapa kwenye kompyuta, na nawaombea heri, ila kalamu ilikuwa na faida moja. Ilikulazimisha umsikilize mtu polepole, na mtu akisikilizwa polepole hupata nafasi ya kusema kweli.

Mzee Nandonde alikuwa na swali lake moja: "Nani kakupa?" Mgambo akileta mtu kamba mikononi, Mzee anamwuliza, nani kakupa kumfunga? Mtendaji akileta kuku aliyemkamata kwa mtu asiyechangia ujenzi wa zahanati, anaulizwa, nani kakupa kumchukua kuku? Kuku wengi walirudi kwao kwa swali hilo.

Miezi ya mwanzo nilimweka mtu ndani mpaka alasiri kwa sababu alikuwa anapiga soga kwa sauti chini ya dirisha langu wakati nasikiliza kesi. Mzee akaja na kalamu yake sikioni.

"Yule umemfunga kwa kifungu gani?"

"Alikuwa na kelele, Mzee."

"Kelele nimeisikia. Nauliza kifungu."

Nikafungua kitabu, nikapekua. Kulikuwa na vifungu kadhaa ambavyo vingeweza kunisaidia, na hakuna hata kimoja nilichokuwa nimekifuata. Akamtoa yule mtu mwenyewe, akamwambia aende zake na soga lake.

Jambo jingine alilonifundisha ni kiapo. Siku moja aliitwa shahidi jina lake Athumani, na karani bila kuuliza akampa Msahafu. Yule bwana alikuwa amebatizwa tangu utoto. Jina alipewa la babu yake. Akaupokea tu kwa adabu, akasema, "Haidhuru, Mungu ataelewa." Mzee Nandonde akasimamisha kesi. Akasema Mungu ataelewa, hilo hana shaka nalo, lakini mahakama haina ruhusa ya kumchagulia mtu Mungu wake kwa kutazama jina. Ikaletwa Biblia. Tangu siku hiyo, kabla ya kumwapisha mtu nilikuwa namwuliza, "Unaapa kwa dini gani?" Nanyi ulizeni. Msitazame kofia wala jina.

Mezani alikuwa na nakala ya Katiba, ameijalidi kwa gazeti. Sura ya haki za watu ilikuwa imeingizwa humo miaka ya themanini, kwa hiyo mimi nilipoanza kazi ilikuwa bado ngeni kwa wengi, hata kwa baadhi ya wakubwa zetu. Mzee alikuwa mzee wa kanisa pia. Mchana mmoja, tukila mihogo ya kuchemsha, aliniambia hivi: "Humu kila mwenye cheo amewekewa mwisho. Rais ana mwisho, Bunge lina mwisho, na mimi wa Nachingwea mwisho wangu upo hapo karibu sana. Nikiisoma kama mtu wa kanisa naona jambo moja. Asiye na mwisho ni mmoja tu, na huyo hakai ofisini. Kwa hiyo mtu wa ofisini akijifanya hana mwisho, amekwishakaa mahali si pake." Akatafuna, akaongeza, "Lakini usiandike hivyo kwenye hukumu. Watakukatia rufaa."

Ruangwa ilipokatwa kutoka Nachingwea ikawa wilaya, nilihamishiwa huko. Huko ndiko nilikopata wazee wa baraza wawili niliokaa nao muda mrefu kuliko wote. Mnajua kwamba wazee wa baraza si mapambo. Kura ya mzee mmoja ilikuwa sawa na kura ya hakimu, na wawili wakikubaliana, wamekushinda. Wa kwanza alikuwa Mzee Likangaga, mkulima wa Malolo, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Wa pili alikuwa Mama Paulina, Mmakua, Mkatoliki, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya kule Msumbiji. Alikuwa amezaa watoto wengi, na alikuwa na desturi ya kumtazama shahidi mwongo kama anavyotazamwa mtoto aliyelamba sukari.

Walinishinda mapema. Mwindaji mmoja alishitakiwa kukashifu dini kwa sababu alipita na nyama ya nguruwe pori kwenye baiskeli mbele ya msikiti, Ijumaa, watu wanatoka kuswali. Kijiji kilikuwa kimechemka. Mimi nilitaka kumtia hatiani, nimpe adhabu ndogo watu wapoe. Mzee Likangaga, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye ule msikiti, akasema, "Njia ni ile moja, na nyama haikusimama." Mama Paulina akaunga mkono. Nikaandika hukumu ya kumwachia ambayo sikuitaka, nikaisoma kwa sauti yangu mwenyewe, na kijiji kikapoa chenyewe. Nilijifunza kwamba "watu wapoe" si kosa la jinai.

Sasa niwaeleze shauri la Bibi Somoe, kwa sababu ndilo mnaloniuliza kila tukikutana.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwaka ambao simba aliwala watu. Kijiji chenyewe kiko upande wa Narung'ombe. Jina lake naliacha. Nyinyi mliokulia mjini mtaona ni hadithi, lakini kule mahindi yakianza kubeba, familia nzima huhamia shambani kuwinga nguruwe wasiyale, na watu hulala kwenye madungu, yaani vibanda vya kulindia mazao. Simba alikuwa anakuja kwenye madungu. Alimchukua mwanamke, akamchukua mtoto, akamchukua mwanamume mzima mwenye shoka mkononi. Askari wa wanyamapori waliitwa, wakaja, wakazunguka, wakaishiwa mafuta ya gari, wakarudi. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika huko. Habari za kifo zilikuja kwa baiskeli.

Watu wakaanza kusema huyu si simba wa porini, ni simba wa kutumwa. Wakamleta fundi kutoka mbali, mtu wa dawa, akasema atakisafisha kijiji. Utaratibu wake ulikuwa huu: kila mtu mzima anyolewe kichwa, apakwe dawa, apige magoti mbele ya kibuyu, na atamke kwamba anaikabidhi roho yake kwa dawa ile. Aliye mchawi, akitamka, atakufa. Asiye mchawi atalindwa. Mkutano wa kijiji uliitishwa, mikono ikanyooshwa, na mwenyekiti wa kijiji, Bwana Lipande, akatangaza kuwa ni amri.

Walinyolewa. Wazee, vijana, akina mama, mwalimu mmoja, hata imamu wa msikiti wa kijiji. Bibi Somoe, mjane aliyekuwa akiishi na binti yake na wajukuu, akakataa. Wakamfuata mara kadhaa. Mwishowe mgambo wakamchukua kwa miguu mpaka Ruangwa, na Lipande akafungua shitaka la kukaidi amri halali.

Siku ya kusikilizwa, uwanja wa mahakama ulijaa vichwa vilivyong'aa. Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Niliwatazama watu wale, na ninachokumbuka ni kwamba hawakuwa na hasira. Walikuwa wamechoka na walikuwa wanaogopa.

Lipande alitoa ushahidi akiwa amesimama wima, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu nyinyi vijana mkisikia habari ya amri mbaya mnatafuta mtu mbaya.

"Mheshimiwa, mimi nimezika watu," alisema. "Nimeomba msaada wilayani mpaka nimechoka. Mkutano wa kijiji umekaa, watu wote wamekubali. Mtu mmoja anakataa. Wengi wape, Mheshimiwa. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Uamuzi huo mliupeleka halmashauri ya wilaya uwe sheria ndogo?" nikamwuliza.

"Simba hasubiri halmashauri, Mheshimiwa."

Watu wakaguna. Niliandika jibu lake kama lilivyo.

"Wewe mwenyewe umenyolewa?"

"Nimenyolewa. Na mimi ni mtu wa kanisa. Nimetamka na nimebaki Mkristo vilevile. Ni nywele tu."

Akapanda Bibi Somoe. Alikuwa mwembamba, amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo alijibu kwa Kimwera, na karani akawa anatafsiri ingawa mimi nilikuwa namwelewa. Mahakama inaandika Kiswahili, na wote waliomo lazima wasikie. Nikamwuliza anaapa kwa dini gani, akasema kwa dini ya Kiislamu, akathibitisha kusema kweli.

"Kwa nini ulikataa kunyolewa?"

"Walitaka kichwa changu."

"Wenzako wote wamenyolewa."

"Vichwa vyao."

Nikamwuliza kama anajua watu walioliwa. Akasema yule mwanamume mwenye shoka alikuwa mkwewe, mume wa binti anayeishi naye. "Walichokipata porini kilirudi kwenye kanga yangu," alisema.

Karani alitafsiri sentensi hiyo kwa sauti ndogo, nikamwomba airudie ili wote wasikie.

"Kwa hiyo nawe unataka simba aondoke."

"Nani hataki?"

"Basi kwa nini hukukubali jambo ambalo wenzako wanaamini litamwondoa?"

Akaikaza kanga yake kichwani. "Wangesema ninyolewe tu, labda ningenyolewa. Nywele zenyewe zimebaki chache. Lakini fundi anataka nipige magoti niseme roho yangu naikabidhi kwenye kibuyu. Roho yangu nimekwishamkabidhi Mwenyezi Mungu. Sina ya pili ya kumpa fundi."

Lipande akaomba kuuliza, nikamruhusu. "Imamu wako amekubali. Wewe unaijua dini kuliko imamu?"

"Imamu ana kaburi lake," akasema Bibi Somoe.

Hapo lazima niwape ushauri wa kazi. Kulikuwa na mlango wazi mbele yangu, na watu wengi walitaka niupite: kumwita imamu na masheikh wengine waje waseme kama Uislamu unaruhusu jambo lile au hauruhusu. Sikuupita. Mahakama ya Mwanzo haikai kupima nani Mwislamu bora, imamu au ajuza. Ukianza kupima, kesho utaletewa Mkristo umpime, na keshokutwa utajikuta wewe ndiye askofu na wewe ndiye mufti, na mshahara ni uleule. Mimi swali langu lilikuwa moja, na lilikuwa la Mzee Nandonde.

Mama Paulina, kama mzee wa baraza, akauliza lake.

"Bibi, ukinyolewa na ukatamka, utakufa?"

"Sitakufa."

"Na mtoto akichukuliwa kesho, watu wakasema ni kwa ajili yako, utajisikiaje?"

Bibi Somoe alimgeukia. "Nitalia," alisema. "Kama nilivyolia."

Niliahirisha shauri mpaka siku iliyofuata. Jioni hiyo, kabla sijafunga ofisi, alikuja mkubwa mmoja wa wilaya. Cheo chake hakina haja ya kutajwa. Alikuwa mpole. Alikaa, akaulizia watoto, kisha akasema, "Mama, huko vijijini hali ni tete. Mpige faini kidogo tu huyo bibi, mwamuru anyolewe, mambo yaishe. Tunataka amani."

"Nimekusikia," nikasema. "Naomba uniandikie."

"Mambo kama haya hayaandikwi, Mama."

"Basi na mimi nitafanya kama sijayasikia."

Akacheka, nikacheka, akaaga. Hakunitisha, na sitaki kujifanya shujaa. Ila jifunzeni neno hilo, naomba uniandikie. Linasemwa kwa heshima na halimvunjii mtu adabu, na amri nyingi zisizo na baba hufa hapo hapo.

Asubuhi tulikaa watatu chumbani kwangu, mimi na wazee wa baraza. Nilimtaka Mama Paulina aanze.

"Ana hatia," alisema. "Nimesikia ya dini, na mimi nina dini yangu. Lakini mimi ni mama. Nywele huota tena. Mtoto aliyeliwa haoti. Watu wale hawalali. Kama dawa ni ya uongo, lakini inawafanya walale, yeye ni nani awanyime?"

Nawaambia, katika miaka yangu yote sikusikia hoja nzito kuliko hiyo kutoka kwa mwanasheria yeyote.

Mzee Likangaga alichezea tasbihi yake. "Mimi naamini wachawi wapo," alisema. "Huenda hata huyo simba ni wao. Sijui. Lakini nimejiuliza, mwenyekiti akiweza kumwamuru mtu amkabidhi nani roho yake, atashindwa kuamuru nini? Sioni hatia kwa huyu bibi."

Kwa hiyo ikabaki kura yangu. Niliitoa upande wa Mzee Likangaga, tukawa wawili kwa mmoja. Mama Paulina hakununa. Alisema, "Iandike vizuri basi, waielewe."

Niliiandika kwa lugha ya nyumbani. Kwanza, kwamba amri haiwi halali kwa kuwa imetamkwa kwa nguvu wala kwa kuwa mikono mingi imenyooshwa. Inakuwa halali ikitoka kwa mwenye mamlaka ya kuitoa. Mkutano wa kijiji una mamlaka juu ya barabara, visima, mifugo, mashamba. Hauna mamlaka juu ya kichwa cha mtu. Pili, uamuzi ule haukuwa sheria ndogo, na hata ungepelekwa halmashauri usingeweza kuwa, maana sheria ya nchi inakataza shughuli yenyewe ya kutafuta wachawi. Tatu, hapo nilikuwa mwangalifu. Sisi wa Mahakama ya Mwanzo hatuna mamlaka ya kutamka kwamba jambo fulani limevunja Katiba. Hiyo ni kazi ya Mahakama Kuu, na mimi siwezi kumwambia Lipande ana mwisho halafu nikauruka wangu. Niliandika tu kwamba mahakama yoyote, ikisoma amri yoyote, inakumbuka kuwa Katiba imeiweka imani ya mtu mahali ambapo amri ya kijiji haifiki. Na kuhusu wengi wape, nikasema ni methali nzuri, lakini mtu huwapa wengi kilicho chake kuwapa.

Nikamwachia huru. Watu wakaanza kuondoka kwa vikundi.

Lipande alibaki. "Nikirudi niwaambie nini, Mheshimiwa?"

"Waambie mimi ndiye niliyekataa. Nilaumiwe mimi."

"Na huyu atarudije? Njia ya kwetu si ya mtu mmoja kupita siku hizi."

"Mlimleta nyinyi," nikasema. "Na nasema mbele ya watu hawa, likimpata lolote kule, wa kwanza kuitwa hapa ni wewe."

Aliinamisha kichwa, akatoka nje. Alikuwa na baiskeli. Nilimwona kwa dirisha akifuta keria ya nyuma kwa kofia yake, kisha akamshika mkono Bibi Somoe akamkalisha. Waliondoka hivyo, mshitaki akimwendesha mshitakiwa.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalitulia siku hiyo. Hayakutulia. Muda si mrefu simba alimchukua mtu mwingine, kijana aliyekuwa amenyolewa, amepakwa, ametamka. Fundi alikuwa amekwishaondoka. Watu hawakusema dawa imeshindwa. Walisema kuna kichwa kimoja kilibaki. Mtu au watu wakachoma jiko la Bibi Somoe. Nyumba haikushika moto kwa sababu upepo ulielekea upande mwingine. Niliposikia, nilikaa ofisini bila kufanya kazi yoyote. Hukumu yangu ilikuwa sahihi, na jiko lilikuwa majivu. Mama Paulina aliingia, akaketi, hakutaja neno lolote juu ya kura yake. Aliniambia tu kwamba huko kwao Msumbiji watu waliamriwa mengi zaidi ya kunyolewa, na huko pia wengi walinyoosha mikono. Kisha akatoka kwenda kumwagilia bustani.

Baadaye askari wa wanyamapori walirudi na mafuta ya kutosha, wakampiga risasi simba mmoja dume. Alikuwa mzee, amekonda, na mguuni alikuwa na waya wa mtego wa nguruwe ulioingia mpaka kwenye mfupa. Mnyama wa namna hiyo hawezi kukimbiza swala. Vifo vikakoma. Wapo waliosema ndiye, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba wa kutumwa alirudi kwa aliyemtuma. Sikuwahi kubishana nao. Lipande alilijenga upya jiko la Bibi Somoe, yeye na mgambo walewale. Uchaguzi uliofuata wakamchagua tena, na nadhani hawakukosea.

Mnapoketi kwenye viti hivyo mtaletewa watu wenye hofu ya kweli wakiomba mamlaka ambayo hamna. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kumkatalia mtu mbaya hakuhitaji elimu. Kumkatalia mtu mwema aliyezika watu wake, ukijua huna cha kumpa badala yake, hilo litawatoa jasho. Mimi nilisaidiwa na imani yangu, nakiri. Niliona kwamba serikali iliyowekewa mwisho inamwachia Mungu nafasi yake, na inamwachia mtu pa kusimama anapozungumza naye. Mwingine atasaidiwa na kitu kingine. Mradi kifungu kiwepo.

Nilionana na Bibi Somoe mara moja tena, msimu wa ufuta, pale soko la Ruangwa. Alikuwa ameketi nyuma ya gunia lake pamoja na mjukuu wa kike. Tulisalimiana, akaulizia afya yangu, nikaulizia jiko. Kisha akanivuta nyuma ya magunia, pasipo na wanaume, akaishusha kanga.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa, cheupe, safi, hakina hata unywele mmoja.

"Kulikoni, bibi?" nikamwuliza.

"Joto," alisema. "Nimemwambia mjukuu alete wembe."

Akajitanda tena, akarudi kwenye gunia lake, akanipimia ufuta.